Kikapu cha Mama Mkwe

Cheke, cheke, cheke, kisha kimya. Bado kulikuwa hakujapambazuka, na Amisa, aliyelala mkekani na binti yake Hidaya, alisikia chekecheke ikigongwa ukingoni mara tatu. Mama Emérance, Mkongomani aliyekuwa mlinzi wa nyumba, alikuwa anachunga unga wa muhogo gizani. Kwa jinsi alivyogonga, unga ulikuwa unaishia.

Unga huo ndio uliokuwa umefanya tangazo la kuomba msaada litoke siku chache nyuma. Ile nyumba ya mtaa wa Waswahili, Gitega, ilikuwa na wanawake saba waliokimbia kipigo, pamoja na watoto wao, na iliishi kwa mikono ya watu. Kassimu fundi cherehani alitoa vitambaa, na Jumapili akawafundisha kushona. Faida muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, hakurudi nyumbani kabla ya kuwatengea fungu lao. Dereva mmoja wa Giheta alibeba wagonjwa wao bila nauli. Lakini kila kitu kilipokelewa dukani kwa Kassimu. Mgeni hakufika langoni, na sheria hiyo haikuwa na mjadala.

Tangazo aliliandika Amisa. Alikuwa amemaliza shule ya jioni mwezi uleule, kalamu bado inamwasha vidoleni. Aliandika sabuni, maharage, nguo za watoto, mtu wa kuziba paa, mtu mwenye saa moja ya kufundisha kusoma. Halafu, kwa vile kwao Muyinga ni aibu kumwomba mtu kitu ukamwacha nje, akaongeza mwishoni: Karibuni ndani mjionee wenyewe, lango la kijani nyuma ya msikiti. Hakuna aliyelisoma mara mbili. Lilitangazwa baada ya sala ya Ijumaa, watu wakalinakili, likapanda basi.

Saa tatu asubuhi hiyo lango likagongwa.

"Hodi humo. Nimeleta maharage. Nimetoka nayo Muyinga."

Amisa aliacha kufua. Sauti ya mama mkwe wake, Bi Fatuma, angeitambua hata katikati ya soko. Alimsukuma Hidaya chumbani, akachungulia dirishani. Kikapu kilikuwa kichwani kwa Bi Fatuma. Ng'ambo ya barabara alisimama Matata, mume ambaye Amisa alimkimbia, mikono mifukoni, akiangalia miguu ya wapita njia.

"Asante, mama," Mama Emérance alisema kupitia tundu la lango. "Peleka kwa fundi Kassimu. Hapa hatupokee."

"Kikapu changu kiende dukani kama mzigo wa kuuza? Kwetu mwenye kikapu anaingia, anakaa, anapewa hata maji."

"Kwenu iko kwenu. Hii nyumba iko na sheria yake."

"Na hii karatasi iko na nini?" Bi Fatuma aliikunjua, akampa Zuberi, muuza makaa wa jirani. "Nisomee, mwanangu. Soma wote wasikie."

Zuberi akasoma polepole, mstari wa mwisho akaurudia. Watu walikwisha kukusanyika. Amisa alisikia maneno yake mwenyewe yakipita juu ya ukuta.

"Mi nilisema zamani," Zuberi alisema. "Hii nyumba inavunja ndoa za watu. Leo mama mzima anasimamishwa juani kama mwizi. We Mkongomani, umekimbia kwenu, umekuja kutufundisha kufunga milango?"

"Zuberi, uza makaa. Siku mvua ilipochukua paa lako ulilala wapi? Kuna mtu alikuuliza ndoa yako?" Mama Emérance alimjibu.

Wawili watatu walicheka. Bi Fatuma alishusha kikapu, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Sikuja kwa vita. Mjukuu wangu yumo humo. Nimshike kichwa tu, nijue anakula. Nimekosa nini mimi?"

Kicheko kikafa. "Mfungulieni," mwanamke mmoja alisema. Mwingine akalipiga lango teke, kisha wakawa wengi, bawaba zikaanza kulegea. Matata alikuwa amevuka barabara.

Amisa alielewa kwamba lango likianguka hawatamchukua yeye. Watamchukua mtoto, na yeye atafuata mwenyewe, kama walivyozoea. Akamwambia Hidaya akae palepale. Akatoka uani, akafungua komeo kwa mkono wake kabla Mama Emérance hajamshika, akasimama akiziba uwazi kwa mwili wake.

"Mama," alisema, "asante kwa maharage. Rudi nayo. Mtoto haendi."

"Mmemwona?" Bi Fatuma aligeukia watu, machozi yamekauka. "Amenenepa. Kofi moja, la mume kwa mkewe, amelikuza mpaka likawa kesi. Mi mwenyewe sikuwepo, nilikuwa shambani Mwakiro. Ningekuwepo ningemwamulia kama binti yangu wa kuzaa."

"Maskini mama wa watu," mtu alisema. Zuberi alimtemea Amisa mate miguuni. Matata akanyoosha mkono, akamshika bega kumsogeza kando, na hakuna aliyemzuia.

Hidaya alikuwa ametoka. Alipita chini ya mkono wa mama yake, miguu mitupu, akamtazama bibi yake, wala hakumtazama baba.

"Bibi, siku ile wewe ndiye uliyekuwa umeshikilia mlango, mama asitoke."