Daftari la Fundi wa Lifti

Miezi minane baada ya kumzika mume wangu, mhandisi mmoja alikuja nyumbani mara mbili kuulizia daftari la marehemu. Mume wangu alikuwa fundi wa lifti katika duka kubwa lililochukua ghorofa tatu za jengo la maduka, katikati ya mji. Lifti ya mizigo ilimwangukia. Ripoti ikasema ni uzembe wake. Duka lilifungwa, na sasa ghorofa zile zinakatwa vyumba vya kliniki na ofisi.

“Tunataka tu kujua nyaya zinapita wapi, mama,” alisema mhandisi. Kiti alikikataa.

Mtu wa nyaya angeomba madaftari yote. Yeye aliomba la mwezi wa tatu, mwezi aliokufa mume wangu.

Mdogo wake marehemu alikuwa ameahidiwa kazi ya rangi mle ndani. “Mpe, shemeji. Daftari halifufui mtu.”

“Hujapewa hata brashi,” nikamwambia, “na tayari wamekupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.”

Alicheka, lakini hakunitazama.

Alipoondoka nililifungua kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Mwandiko wa mume wangu ulikuwa uleule, umeinama kama mtu anayepanda kilima. “Breki ya lifti ya mizigo inateleza. Nimemwambia meneja.” Maneno hayo yalikuwepo mara nne, kila mara na tarehe yake. Ya mwisho ilikuwa siku moja kabla ya ajali.

Kesho yake nilikwenda mwenyewe kwenye lile jengo, daftari kwapani. Palipokuwa na viatu vya watoto palikuwa na mifuko ya saruji. Mlango wa lifti ulikuwa umezibwa kwa mbao. Yule meneja wa zamani alikuwa amesimama kando yake, kofia ngumu kichwani, safi bila doa. Sasa ndiye msimamizi wa ukarabati. Mhandisi akaja mbio na mkono mbele.

“Silitoi,” nikasema. “Nitasoma, wewe uandike.”

Akamtazama msimamizi. Msimamizi akatazama dari.

“Lifti itatumika tena, mama,” mhandisi akasema kwa sauti ya chini. “Lazima nijue ilikuwa na nini.”

Labda alisema kweli. Sikumwamini hata hivyo. Nikasoma: “Breki ya lifti ya mizigo inateleza. Nimemwambia meneja.” Kalamu ya mhandisi ilisimama baada ya “inateleza”.

“Umebakiza,” nikasema.

“Hilo si la kiufundi, mama.”

“Basi nafunga, na lifti yako mtapanda nyinyi.”

Vibarua wawili waliokuwa wakitoboa ukuta wakazima mashine. Msimamizi akajifanya simu yake inalia, akasogea dirishani. Mhandisi akaandika.

“Nisomee,” nikamwambia.

Akasoma kwa kunong’ona. Nikamwomba asome tena, wale wa ukutani nao wasikie.