Mtani wa Bi Dorini

Bi Dorini alipofariki katika hospitali ya Msambweni, aliyempelekea habari Mzee Mbwana, fundi cherehani wa Mwabungo, alikuwa Mwongeli, mpishi wa marehemu. Aliileta habari yenyewe pamoja na onyo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona macho mekundu?"

"Mama ametuacha. Mazishi ni mtoto wa kaka yake akishafika kutoka Uingereza. Uje. Lakini ile mizaha yenu uiache hapa hapa kwenye cherehani."

Mzee Mbwana alilisimamisha gurudumu kwa kiganja. Alisema innalillahi. Hakumlaumu Mwongeli. Wazazi wake walitoka Ukambani wakapewa shamba huko Shimba Hills, na kwao aliyekufa huimbiwa nyimbo za kanisa, akaombewa, basi. Angejuaje kwamba kwa Wadigo kama Mbwana mtani ana kazi yake msibani, na asipoifanya ni kama amemsusa maiti?

Utani wake na Bi Dorini ulianzia dukani humo. Mama wa Kizungu, mrefu, mwenye mvi, aliingia na gauni lililochanika, na Mbwana akamwuliza kama gauni lile alilinunua au alimpokonya mbuzi. Wateja waliinamisha vichwa kwa aibu. Mama yule aliitazama suruali ya fundi kutoka juu hadi chini, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Hii suruali yako imeshonwa na adui yako?"

Mbwana alicheka mpaka akashikilia meza. Akamweleza kwamba tangu hapo wao ni watani. Watatukanana bila kukasirikiana, na atakayetangulia kufa, mwenzake atakwenda kumfanyia mzaha penye kaburi, wala hataondoka mpaka wafiwa wamjibu na kumpa kitu.

"Kwetu nililipwa mshahara kwa kazi hiyo," alisema Bi Dorini. "Kumbe huku ni udugu."

Kazi yake hiyo alimsimulia kidogo kidogo, kila alipoleta nguo. Alianza kwa kufagia jukwaa na kuvuta mapazia katika ukumbi mdogo wa mji wao. Alipoingia kwenye televisheni, wanaume ndio walioandika michezo, na mwanamke aliandikiwa kuleta chai na kutoka. Akaanza kujiandikia mwenyewe, kwenye meza ya jikoni. Akamtunga mama mmoja mwenye nyumba ya kupangisha, mbeya asiye na mfano, anayewachungulia wapangaji kwa pembe ya pazia huku mkono mmoja ukiwa kiunoni. Waingereza walimcheka mama yule miaka na miaka, hata jina la Dorini likasahaulika. Siku alipomzika mamake mzazi, uchungu ulimzidi akashika kiuno kando ya kaburi, na mtu mmoja nyuma yake akacheka. Kisha wengine nao wakacheka.

"Nilikuwa nalia, Mbwana, wao wakadhani naigiza. Halafu nilipozeeka nikaambiwa sichekeshi tena." Alikunja gauni lake taratibu. "Siku yangu ikifika, nataka nichekwe kwa haki, na mtu anayejua anachokifanya. Utakuja?"

"Nitakuja, bibi kizee. Nani mwingine atakutaka?"

Makaburini walikuwepo majirani wa Mwabungo, wafanyakazi wa mahoteli, Wazungu wazee wa Galu, na Colin, mtoto wa kaka yake, aliyevaa suti nyeusi katika joto lile. Mchungaji Mutunga alipomaliza sala, vijana walishika kamba za jeneza. Hapo Mzee Mbwana akapita katikati ya watu, akaketi ukingoni mwa kaburi, miguu ikining'inia shimoni.

"Hashuki mtu," alisema. "Shimo hili mmelipima kweli? Mwanamke huyu mrefu kama mnazi. Magoti yatabaki nje, na mvua ikinyesha tutayafunika na nini?"

Hakuna aliyecheka. Mchungaji alifunga kitabu chake. Mzee Mbwana alihisi jasho likimtiririka mgongoni. Alisimama, akashika kiuno, akainua kitambaa chake cha jasho mfano wa pazia, akalichungulia jeneza kwa pembe.

"Mpangaji mpya huyu. Amekuja na sanduku moja tu. Hana hata sufuria."

Colin alijifunika mdomo kwa mkono. Kama ni hasira au ni nini, mzee hakuweza kujua. Mwongeli alikuwa tayari amemfikia.

"Mzee, nilikwambia. Ondoka."

"Siondoki mpaka nijibiwe. Wafiwa wako wapi? Au huyu hana watu?"

Sasa aliogopa kweli. Mzaha wa mtani usipojibiwa hubaki tusi, naye angekuwa amemrudishia Bi Dorini siku ile ile ya kaburi la mamake.

Mwongeli ndiye aliyempikia marehemu uji na kumwogesha mpaka mwisho. Aliligeukia jeneza, kisha akaitazama suruali ya mzee, kutoka juu hadi chini.

"Anao watu," alisema. Halafu, kwa sauti nyembamba ya Bi Dorini mwenyewe, kama alivyozoea kusimulia jikoni, "Hii suruali yako imeshonwa na adui yako?"

Wa kwanza kucheka walikuwa wateja wa dukani. Kicheko kikaenea hadi kwa Wazungu wa Galu. Colin alitafsiriwa maneno hayo, akacheka, akainama akilia, mkono wake kiunoni.

"Nipeni changu nitoke," alisema Mzee Mbwana.

Mwongeli alichukua kofia ya ukindu ya marehemu iliyokuwa juu ya jeneza. "Haya. Vichwa vyenu vilikuwa kimoja."

Mzee aliivaa juu ya kofia yake ya kiua, akasogea kando. Jeneza likateremshwa. Kicheko kilififia chenyewe, ikabaki sauti ya mchanga. Mzee Mbwana alishika koleo akafukia pamoja na vijana, machozi yakimdondoka asiyafute.

Mwongeli alikuja kusimama karibu naye. "Kwetu hatufanyi hivi, mzee."

"Umeshafanya," alisema, akampa koleo.