Timu ya Taifa Yakata Nyasi za Mzee Sagynaly

Siku nne kabla ya mechi na Wakazaki, Burulkan hakutokea mazoezini. Alikuwa senta wa timu ya taifa ya mpira wa kikapu ya wanawake ya Kirgizistani, binti mwenye urefu wa mita moja na tisini na tano, na bila yeye chini ya goli timu ilibaki uchi. Alimtumia nahodha ujumbe mfupi tu: baba amepigwa teke na farasi, kaka zake wako kazini Urusi, nyasi za mifugo hazijakatwa. Samahani, dada.

Nahodha aliitwa Jiparkul. Alikuwa mfupi kuliko wenzake wote, na hakuwahi kuliona hilo kuwa tatizo lake. Lilikuwa tatizo la wanaomkaba.

"Nakwenda kumfuata leo hii," alimwambia kocha Emilbek.

"Na baba yake akikataa?"

"Hajanisikia bado."

Mwenzake Kunduz alikuwa na gari. Saa tatu baadaye walikuwa Kochkor, kijijini kwa kina Burulkan. Baba yake, Mzee Sagynaly, alikaa mlangoni, mguu wa kulia umefungwa na kuwekwa juu ya kigoda, uso umekunjamana. Kule bondeni Burulkan alikuwa peke yake, akikata nyasi kwa mundu wa mpini mrefu, ule unaoshikwa kwa mikono miwili.

"Asalaam aleikum, mzee wangu. Pole na mguu."

"Nimeshapoa. Umekuja kumchukua. Jibu ni hapana."

"Mbona sijauliza?"

"Nimekupunguzia maneno. Mpira wenu huo, ng'ombe wangu wataula Januari kwenye theluji?"

"Hawataula. Nyasi zimebaki kiasi gani?"

Mzee alimwangalia vizuri kwa mara ya kwanza. "Hekta moja na nusu. Kukusanya si kazi, majirani watanisaidia. Kukata ndiko kunakoniua. Na wiki ijayo mvua inakuja, goti limeniambia."

"Goti lipi, hilo la teke?"

"Lile zima. Hili la teke linasema uongo."

Jiparkul alicheka, akampigia kocha. "Kocha, mazoezi yamehamia Kochkor. Waambie wasichana waje na kofia."

"Umerukwa na akili?"

"Senta ninaye. Wewe niletee hao waliobaki."

Walifika jioni hiyohiyo, wasichana tisa na kocha aliyenuna, filimbi shingoni. Asubuhi majirani waliazima miundu, na timu ya taifa ikajipanga mstari mmoja bondeni. Saa ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Mzee Sagynaly alibebwa na kigoda chake hadi ukingoni mwa shamba, akaanza kupiga kelele.

"Kiuno! Kata kwa kiuno, siyo mikono! Na wewe mwanamume, unakata nyasi au unazinyoa ndevu?"

Mwanamume alikuwa kocha. Wasichana walicheka mpaka wakakaa chini. Emilbek akavua shati, akatema mate viganjani, akaanza upya; akawa bado ndiye mbovu kuliko wote. Mchana walikula mkate na kunywa maziwa ya farasi yaliyochachuka. Siku ya pili mzee alikuwa ameshayajua majina yao yote, na alikuwa anayaita kwa ukali uleule anaomwitia binti yake.

Alhamisi alasiri shamba lilikuwa limelala lote.

"Mchukueni," alisema mzee. "Mmekata vibaya, lakini mmemaliza."

Jumamosi, katika ukumbi wa Bishkek, viganja vya timu nzima vilikuwa vimefungwa bandeji. Jiparkul, ambaye alizoea kufunga kutoka mbali, alitupa mipira sita na yote ikapita pembeni. Hadi mapumziko Wakazaki waliongoza kwa pointi tisa.

"Mikono imekufa," alisema Kunduz.

"Miguu ipo," alijibu Jiparkul. "Tusitupe tena kutoka mbali. Kila mpira ndani, kwa Burulkan. Buru, nikikupa mpira unageuka vipi?"

"Kwa kiuno," alisema Burulkan.

Ndivyo alivyogeuka. Mabega yake yalikuwa yanauma lakini yamelegea, na mlinzi wa Wakazaki, mwanamke mkubwa kumzidi, alikuwa akimfikia mara zote akiwa amechelewa. Jiparkul alipenya kati ya wale warefu, akimlisha kwa pasi za chini zisizotaka viganja vizima. Robo ya tatu ikaisha wakiwa sare. Robo ya nne Wakazaki walimkaba Burulkan wawili wawili, Kunduz akabaki peke yake chini ya goli, akafunga mara nne mfululizo. Walishinda kwa pointi saba, na dakika ya mwisho ukumbi mzima ulikuwa umesimama.

Nahodha wa Wakazaki alipompa mkono Jiparkul, alizihisi bandeji, akakigeuza kiganja na kuona malengelenge yaliyochungulia pembeni mwa bandeji.

"Nyie mnafanya mazoezi gani?"

"Ya milimani," alisema Jiparkul. "Njooni mwakani, tutawaazima miundu."

Yule mwanamke hakuelewa, ila alicheka pia.