Hewa ya Chumba cha Sumayya

Mimi Mwanasiti sina mchezo na jambo la mwanangu. Sumayya alituambia atatetea utafiti wake wa udaktari wa fizikia kwa kompyuta, hapa hapa nyumbani kwetu Nyeri, mbele ya maprofesa walioko ng'ambo. Akanionya, "Mama, lazima niwe peke yangu chumbani. Wakigundua kuna mtu, wanaweza kunifelisha."

Peke yake? Kwetu mtu haendi peke yake hata kupeleka posa. Nikamwita kaka yangu Othmani na jirani yangu Taraben wa duka la vitambaa, tukajibanza nyuma ya pazia kabla hajaingia. Niliwaambia atakayekohoa tutakosana naye. Kiingereza nakielewa vizuri, nimewauzia wazungu wa Nanyuki vikapu miaka mingi.

Sumayya alieleza habari za chembe ndogo mno, ambazo zaweza kuwa katika hali mbili kwa pamoja mpaka mazingira yazivuruge. Profesa mmoja mkali akamuuliza, "Na kama hakuna anayeitazama chembe, hali hizo zitadumu?"

"Hapana," akajibu. "Si lazima mtu atazame. Hewa ikiigusa, mwanga ukiigonga, kila kimoja kinaondoka na habari kidogo juu yake. Habari zikishasambaa hivyo, haiwezekani kuzikusanya tena, na zile hali mbili hazionekani tena kwa pamoja." Akaendelea, "Hata hapa, nyuma yangu kuna watu. Hawajasema neno, wala sijageuka. Lakini nasikia harufu ya udi wa mama yangu, pazia linatikisika bila upepo, na mbao za sakafu zinalia chini ya mjomba. Naona heri niseme mwenyewe kuliko kuwaficha."

Mtoto amejichongea, na sababu ni mimi.

Profesa akatuomba tutoke. Kule uani hasira zangu zote nilimmalizia Othmani na unene wake, huku Taraben akinishika mkono. Niliogopa, sitaficha.

Baadaye mlango ukafunguka. "Wamenipitisha, Mama," Sumayya akasema. "Ati yule mkali atawafundisha wanafunzi wake kwa mfano wetu."

Alipozaliwa, nyanya yake Mgikuyu, mama wa baba yake, alimpigia ngemi tatu, vigelegele vya msichana. Mvulana hupigiwa tano. Nikasimama katikati ya ua, majirani wote wasikie, nikampigia tano.