Seva Hewa

…na bado anatafuna, mtu mzima na heshima zake, bosi mzima, karanga huku na kipaza sauti huku, kach, kach, sikio langu limekuwa sahani yake, “weka ileile ya zamani, Dogo, mia mbili hamsini na sita, tuwashe seva ya kwanza twende zetu, tupo pamoja?” tupo pamoja, kila sentensi yake ina mkia huo, na wenzangu kwenye mkutano wa simu wanaitikia mmojammoja, pamoja bosi, pamoja sana, kinyaa kitupu, na kitufe hiki chini ya kidole changu kinateleza mafuta, mtu wa zamu iliyopita amekula, amejilamba, kisha akaandika, na mimi ndiye wa kugusa mabaki yake, mimi, fundi ambaye seva zikisikia hatua zangu zinajirekebisha zenyewe, shule haikunifukuza, niliiacha mimi, ilikuwa inanichelewesha, uliza yeyote… mia mbili hamsini na sita, na ukiuliza kwa nini, unaambiwa aliyeiweka alishahama kazi, sisi tunanakili faili lake la mipangilio toka seva hii hadi ile, mpaka kimaandishi alichojiachia pembeni, “nitarekebisha kesho”, tumekinakili nacho, leo seva zote zinaahidi kurekebishwa kesho na hakuna anayecheka, yaani hata kucheka wamesahau, na si jambo gumu, hata shangazi yangu ningemweleza akaelewa, rekodi za wagonjwa hazikai seva moja, zinagawanywa kwenye kundi zima, kila rekodi nakala tatu kwenye seva tatu, na ili mgawo ukae sawa kila seva inajifanya ni seva nyingi ndogo, ndizo hizo mia mbili hamsini na sita, seva hewa, kama wale wafanyakazi hewa, kwenye hesabu wapo, miguu hawana, na kila moja inabeba kipande chake, sasa ukiweka nyingi hivyo vipande vinakuwa makombo, kila seva inachangia makombo na kila mwenzake, mgawo mzuri kama picha, mpaka mbili zizime kwa pamoja, hapo lazima ipatikane rekodi ambayo nakala zake mbili zilikuwa humohumo, na nakala moja peke yake mfumo hauiamini, unasema hakuna kitu, ndiyo ya wiki iliyopita, mbili tu zilizima, kila kliniki ikapoteza wagonjwa wake kadhaa, na mama yangu akawa mmoja wao, kakaa kwenye benchi na kopo tupu la dawa, dada ubavuni, binti wa dirishani anamwambia, “Mama, kwenye kompyuta hupo,” na mama, “Basi mwanangu, hizi nyonga zinazoniuma ni za nani?” dada alinisimulia huku anacheka, mimi sikuona cha kucheka, maana kompyuta yenyewe ndiyo hii… kwa hiyo leo kwenye kundi jipya naweka nne, nimeshaiandika, ipo kwenye skrini, seva hewa nne kwa kila seva, vipande vinono, zikizima waumie wachache, na yule mwenzetu wa kitengo cha mtandao, mwanamke mwenye ulimi kama wembe, ananiandikia pembeni, “Nne? Dogo, hizo seva au miguu ya kiti?” namjibu, “Tulia ujifunze, sista,” maana nne ni namba ya watu wenye kifua, nikiiweka wataiita kwa jina langu… simu inatetemeka mapajani, kundi la familia, dada anauliza, “Leo nani anampeleka mama kliniki? Mimi mgongo umegoma,” na chini yake kaka mkubwa, “Tupo pamoja,” na kaka wa kati, kile kikatuni cha mikono miwili imekutanishwa, “Tupo pamoja,” hee, hawa nao, ndio waliokaa kikao wakagawa uuguzi wa mama kwa haki, mmoja amsindikize, mwingine anunue dawa, mwingine amkumbushe dawa, mwingine amkumbushe wa kukumbusha, makombo matupu, wawili wakikosekana mama hajanywa dawa na hakuna wa kumshika shati, na nimeshaanza kucheka kwa dharau, nimeshapanga nitakavyomwambia bosi, hii ndiyo mia mbili hamsini na sita yako, ndipo neno linanirudia, mgongo, mgongo wa dada, kwa nini wa dada, kwa sababu kile kipande kinono kimemwangukia yeye, kumwinua mama, kumwogesha, kumgeuza, hakuna aliyempangia, vipande vikiwa vichache na vikubwa bahati ndiyo inayogawa, mmoja anapewa kikapu, mwingine gunia, kama ile seva ya tatu kule kwenye majaribio, yenye nne vilevile, feni inalia kutwa huku jirani zake zimelala, tukasema feni mbovu… nne inanuka, ghafla inanuka kuliko kitufe, inanuka manukato yangu mwenyewe, namba ya kupigiwa makofi, na jibu, jamani, jibu ni kumi na sita, si makombo si magunia, lile lililo kwenye mwongozo ambalo yeyote anaweza kulisoma, kumi na sita, na mfumo wenyewe uambiwe upange vipande kwa kuangalia nani amebeba nini, hakuna ubabe, hakuna wa kuniimba, kinyaa hasa, nafuta nne, naandika kumi na sita, mstari wa kuangalia mzigo, uliokuwa umezimwa kwenye faili, naufungua, na kidole kipo palepale panapoteleza, maana seva ikishaingia kundini na kumeza data namba hii haigeuzwi, labda uitoe tupu uanze upya, kach, kach, “Dogo, mbona kimya, ileile ya zamani, tupo pamoja?” pamoja bosi, pamoja sana, na kwenye simu mapajani mikono bado imekutanishwa, kila mtu yupo na hakuna aliyenyanyuka, nafungua mdomo, mdomo huu ambao haujawahi kukosa kijembe, “Hapana, bosi,” nasikia sauti yangu, ndogo, haina hata mzaha, “ya zamani siweki, na tukimaliza hapa natoka, nampeleka mama kliniki,” kach inakatika katikati, hakuna hata mmoja aliye pamoja, nipo mimi tu na kitufe chenye mafuta…