Kisu Kisichotaka Ndimu

Miaka yote ya ndoa yake Kinuthia hakuwahi kukata kitu jikoni isipokuwa keki, na hata hiyo alishikwa mkono. Alikuwa mtu wa bima, mwenye ofisi ya dirisha kubwa huko Parramatta, Sydney, na nyumbani kwake Mount Druitt alijulikana kama mtu anayepita jikoni kuuliza kama chakula kimeiva. Mkewe Shirleen, ambaye ni nesi, alikuwa akitoka shifti na kuingia moja kwa moja kwenye vitunguu kabla ya kuvua viatu.

Kisha bosi wake Kinuthia akanunua kisu cha Kijapani. Kila mapumziko ya chai ikawa ni hadithi ya kisu hicho: namna mhunzi alivyokifua kwa mkono, namna kinavyobadilika rangi kadiri kinavyotumika, namna mtu asiyejua kukitunza asivyofaa kupewa hata funguo za gari. Kinuthia, ambaye alikuwa anangojea kupandishwa cheo, akaanza kuamini kwamba kilichomchelewesha ni kukosa kisu. Jumamosi akapanda treni mpaka mjini.

Dukani alimkuta mama mmoja wa Kijapani aliyevaa aproni.

"Unapenda kupika nini?" mama akamuuliza.

"Kila kitu," akasema Kinuthia.

Mama akampa kisu cha majaribio na karoti. Kinuthia akaipiga karoti kama mtu anayepasua kuni, na kipande kikaruka hadi miguuni pa mteja mwingine. Mama akakiokota, akaenda kabatini, akarudi na kisu kingine kinachong'aa.

"Hiki hakishiki kutu. Kinawafaa watu wenye shughuli nyingi."

Kinuthia akakitazama kwa dharau. Cha bosi wake hakikuwa hivyo. "Mimi nataka kile kinachoshika kutu," akasema.

Basi akaletewa cha chuma chenye kaboni nyingi, cheusi mgongoni na cheupe kwenye makali, jina la mhunzi likiwa limechongwa ubavuni. Mama akampa masharti pole pole, kama mtu anayefungisha ndoa. Kifutwe kila baada ya kukata. Kikigusa ndimu au nyanya kisiachwe hivyo hata kidogo. Kisikate mfupa wala kitu kilichoganda. Kisiingie kwenye mashine ya kuosha vyombo. Kikilala muda mrefu kipakwe mafuta. Kinuthia akaitikia kila sharti kwa kichwa, akalipa, akatoka kifua mbele.

Nyumbani alimkalisha Shirleen na kumrudishia somo lote, akaongeza na mengine yake.

"Kwa hivyo usikiguse," akamalizia.

"Sawa," Shirleen akasema. "Na nani atapika?"

"Wewe. Na kile kisu cha zamani."

Shirleen akaenda kukata sukuma wiki na kile cha zamani. Hakugombana. Alikuwa amechoka, tena hakuona bado kama kuna faida ya kugombana.

Faida ilijitokeza siku ya ushirika wa kanisa nyumbani kwao, walipokuja rafiki yao Ronnie na mkewe Mutanu. Ronnie ni msimamizi kwenye ghala moja la Wetherill Park, na yeye na Kinuthia hawajawahi kukubaliana nani ana gari zuri. Kinuthia akakifungua kisu kutoka kwenye kitambaa, akakata nyanya moja vipande vyembamba hata ungesoma gazeti kupitia kwavyo, akakifuta.

"Hebu kata nyingine," akasema Mutanu. "Sijaona vizuri."

Akakata nyingine. Mutanu akasema sasa angependa kuona kinavyofanya kwenye kitunguu. Kinuthia akamenya, akakata, akafuta, machozi yakimtoka. Shirleen akasogeza bakuli karibu. Kabla Kinuthia hajatambua, kachumbari ya watu wote ilikuwa tayari, na wanawake wawili walikuwa sebuleni wamekunja miguu kwenye kochi wanakunywa chai.

Walitazamana, wakaelewana.

Haukupita mwezi Ronnie akawa na chake, kirefu zaidi. Mutanu akampigia Shirleen simu na kumweleza kwamba kabichi ya Ronnie sasa inakatwa nyembamba kama nyuzi. Shirleen akaifikisha habari hiyo mezani bila kuongeza chumvi. "Sijui Ronnie anafanyaje," akasema. "Labda ni kile kisu chake."

Kuanzia hapo Kinuthia akawa anakimbilia treni ya mapema ili afanye mazoezi. Alikata karoti, hoho, dhania, viazi. Na kwa kuwa vitu vikishakatwa haviwezi kukaa tu, akajifunza kuvipika. Kisu kikaanza kugeuka rangi, samawati na kijivu, naye akakipiga picha na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la ushirika. Melchior, mzee wa kanisa kutoka Burundi, akajibu kwa upole: "Pole ndugu, kisu yako imeshika kutu. Mimi niko na steel wool ya kuisugua." Kinuthia akamwandikia maelezo marefu kuliko mahubiri. Melchior akajibu kwa kidole gumba.

Maafa yalikuja siku ya Pasaka. Kinuthia alikuwa mwenyeji, na mbuzi aliletwa angali ameganda kama jiwe. Wanaume walikuwa wamesimama nyuma ya nyumba karibu na makaa. Ronnie akamtazama mbuzi, kisha akakitazama kisu cha mwenzake.

"Bro, hicho chako si kinaweza?" akauliza.

"Na chako?"

"Changu nimekiacha nyumbani. Leo kinapumzika."

Kinuthia alijua kwamba kisu hicho hakitakiwi kukata mfupa wala kitu kilichoganda. Masharti hayo alikuwa amewahubiria watu wote waliokuwa pale, wengine mara mbili. Lakini Ronnie alikuwa anatabasamu. Kinuthia akainua mkono, akapiga.

Kilisikika kitu kidogo tu, kama kijiko kikigonga glasi. Alipokigeuza kisu, palikuwa na pengo katikati ya makali, kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza. Ronnie akavua kofia. Kinuthia akakiviringisha kisu kwenye taulo, akaingia chumbani nacho, na mmoja mmoja watu wakaingia kumpa pole. Melchior akamshika bega na kumwambia, "Bwana ametoa, ndugu yangu, mon frère." Mutanu akamletea chai ya maziwa. Shirleen akampasua mbuzi kwa shoka.

Wiki iliyofuata Kinuthia hakukanyaga jikoni. Shirleen alirudi kutoka kazini akakuta sukuma wiki nzima kwenye mfuko, na mumewe kwenye kochi akimuuliza kama chakula kimeiva. Aliingia kwenye vitunguu bila kuvua viatu. Siku yake ya mapumziko ilipofika, alichukua kisu kwenye taulo lake na kupanda treni mpaka mjini.

"Ameanza kupika?" mama wa dukani akauliza, baada ya kusikia kilichotokea.

"Alikuwa ameanza."

"Basi tutakiponya."

Akakaa mbele ya kinoo, maji yakitiririka, akalisaga pengo hadi likaisha. Kisu kikapungua upana kidogo lakini makali yakarudi. Alipokuwa akingoja, Shirleen akatembeza macho ukutani. Palikuwa na fagio la mkono limetundikwa peke yake kama picha, limefungwa kwa nyuzi nyekundu.

"Hilo pia limetengenezwa kwa mkono?"

"Na fundi mmoja tu, mzee sana."

"Lina masharti?"

"Mengi," mama akasema. "Lisisimamishwe kwa nywele zake. Lisilowe. Na mwenye kulitumia awe ni mtu mmoja, mkono wake ulizoee."

Jioni hiyo Kinuthia alikipokea kisu kwa mikono miwili, kisha akauliza kama kuna vitunguu. Shirleen akavua viatu, akajinyoosha kwenye kochi, akatafuta kwenye simu yake picha ya fagio aliyoipiga dukani.

Akamtumia Ronnie, akaandika chini yake: "Kinuthia bado hajaliona."