Araba Akataa Kuzirudisha Simu

Araba Quansah alikuwa amezihamisha simu za kampuni nzima ya uwakala wa forodha, pale Takoradi, kutoka mtambo wa zamani hadi ile mitambo ya mbali ambayo mafundi huiita wingu. Jumatatu asubuhi simu ziliita, zikapokelewa; lakini hakuna aliyeweza kumuunganisha mteja na mwenzake wa meza ya pili. Araba hakushtuka. Huduma za ziada, kama hiyo ya kuunganisha, humfuata mtumiaji polepole, pengine kutwa nzima, na ukimrudisha alikotoka ukamhamisha tena, kungoja kwake huanza upya. Alikuwa amelisema hilo katika kikao cha kabla ya kuhama.

Ekow Bentsil, meneja wa shughuli za bandarini, alisimama katikati ya ukumbi.

"Wewe fundi wa mdomo! Meli iko gatini, wateja wanapiga, sisi tunaimba halo, halo kama kwaya iliyokimbiwa na mwalimu. Rudisha watu wote, uwahamishe upya. Sasa hivi!"

"Nikifanya hivyo, bosi, hata kesho tutakuwa hivihivi. Tungoje jioni."

"Umetupeleka winguni, sasa tungoje mvua?"

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Simrudishi mtu," alisema Araba.

Bentsil alipanda kwa mkurugenzi, Mama Dede Lartey, akashuka na hukumu: huduma zisipofika kabla ya ofisi kufungwa, Araba asionekane tena.

Alishinda kitini, kenkey yake, donge la unga wa mahindi, na samaki vikipoa mbele ya macho yake. "Dada Araba, wingu limetanda?" waliuliza wapita njia. Alasiri huduma ziliingia kwa karani wa mapokezi, kisha kwa wahasibu, kisha kwa wote. Simu ya Bentsil pekee ilibaki vilevile: kwa nywila aliyopewa kwa cheo chake, alikuwa amejirudisha na kujihamisha mwenyewe mara mbili tangu asubuhi.

Mama Lartey alishuka. "Kazi yako ipo, binti yangu. Ila ulimkaidi mkubwa wako hadharani. Tafuta mtu mzima akakuombee radhi kwake."

"Radhi ya kosa gani, Mama? Ningemtii, ofisi nzima ingekuwa kama simu yake."

"Sijauliza nani alikuwa sahihi. Bila radhi, hakuna kazi."

Bentsil akanyoosha kiganja, akitabasamu. "Funguo za chumba cha mitambo. Nitakurudishia ukishapiga magoti."

Araba alizitoa mkobani. Alijua kitendo kile kingemgharimu nini, na hakukifanya kwa hasira. Alimnyooshea funguo kwa mkono wa kushoto.

Pale Takoradi, kumpa mkubwa kitu kwa mkono huo ni kumtukana.

"Mkono gani huo?" Bentsil alifoka, uso umemwiva.

"Unaokufaa."

Bentsil hakuthubutu kuzipokea, maana angelipokea na tusi. Araba alifungua vidole, funguo zikaanguka sakafuni kati yao, naye akachukua mkoba wake akatoka.